Mashabiki wa Korongo

Jumamosi hiyo Jumuiya ya Mtakatifu Monika ilimwombea marehemu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Kosa lilikuwa la susu Kamanthe, bibi mzee kuliko wote pale, lakini hakuna aliyethubutu kumcheka waziwazi, kwa sababu wote walikuwa wameitikia kabla ya kutambua walichokuwa wakiitikia. Walikuwa wamefika kwenye maombi, kila mtu akitaja nia yake. Mutindi, mwenye nyumba, aliomba mvua. Mwalimu Justus aliwaombea watahiniwa wake wa kidato cha nne, ambao kwa maelezo yake mwenyewe walihitaji muujiza. Kisha susu Kamanthe, macho ameyafumba na kitambaa kimemshukia usoni, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Tumwombee yule kijana Safari aliyetupwa korongoni, Mungu amlaze mahali pema."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakaitikia wote kwa pamoja.

Mabega ya Mutindi yakaanza kutikisika, na mwalimu Justus akapatwa na kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

Safari hakuwa mtu. Alikuwa mhusika katika Korongo, tamthilia ya upelelezi iliyokuwa ikionyeshwa kwenye runinga kila Alhamisi, saa ambayo nusu ya mji wa Machakos ilikuwa imeacha kupokea simu. Kijana anaokotwa amekufa ndani ya korongo nyuma ya shamba la katani. Mpelelezi mmoja mwanamke, Inspekta Zawadi, anatumwa kumtafuta muuaji katika kijiji ambacho watu wake wanamkaribisha chai kila mlango na hawamwambii lolote. Ilikuwa tamthilia ya giza hasa, na hakuna aliyecheka mle ndani tangu mwanzo hadi mwisho. Susu Kamanthe aliitazama yote akiwa amekumbatia mto.

Sala zilipokwisha, wanajumuiya wengine walikwenda zao. Wakabaki watano, kwa kisingizio cha kumsaidia Mutindi kuosha vikombe, ingawa vikombe vyenyewe ndiyo kwanza vilikuwa vinajazwa. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa amelalamika kwamba tangu Korongo ianze, fungu la mwisho la rozari linasaliwa kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa na mbwa, na hakuwa amewasingizia.

Kati ya watano hao, Mutanu ndiye aliyekuwa na jicho. Alikuwa fundi wa sweta za shule, ana mashine yake ya kufuma kwenye kibanda karibu na soko, na huenda kazi ile ya kutafuta uzi ulioruka ndiyo iliyomzoeza kutazama. Ni yeye aliyeona mapema kwamba buti za ndugu wa chifu zilikuwa safi asubuhi iliyofuata usiku wa mvua.

"Wewe ungekuwa polisi," Mutindi alimwambia siku hiyo, "wezi wote wa Machakos wangehamia Kitui." Kisha akajiuma ulimi na kwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakikuwako.

Neno "mwizi" halikutamkwa mbele ya Mutanu. Miaka minne iliyopita mwanawe Kitheka, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaota ndevu za maana, alikwenda Katangi siku ya soko na hakurudi. Umati ulimpiga mpaka akafa. Ilisemekana ameiba mbuzi. Mutanu aliletewa habari hizo zikiwa zimekamilika, kifo na kosa katika pumzi moja, naye akazipokea jinsi zilivyokuja. Walimzika mchana, haraka, bila kwaya, na waliohudhuria walisimama kando ya ua karibu na njia ya kutokea. Baada ya hapo majirani waliokuwa wakimwita Mama Kitheka walianza kumwita Mama Ndanu, kwa jina la bintiye mdogo. Walibadilisha wote kwa wakati mmoja bila mkutano wowote kuitishwa. Walifanya hivyo kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma kuliko matusi.

Alichotaka kujua miaka yote hiyo kilikuwa kitu kimoja tu: Kitheka aliiba au hakuiba? Lakini hakuwa amemuuliza mtu yeyote. Alijiambia hakuna wa kuulizwa. Ukweli ni kwamba aliliogopa jibu, kwa maana kutojua kulimwachia nusu ya mwanawe, na akiuliza angeweza kunyang'anywa hata hiyo nusu. Ndiyo maana aliipenda Korongo kwa namna ambayo wenzake hawakuielewa. Mutindi alitazama ili amjue muuaji. Mutanu alitazama ili amwone mwanamke akipiga hodi nyumba kwa nyumba na kuuliza.

Sasa tamthilia ilikuwa imefika mwisho, na mwisho wenyewe ulikuwa umemchafua Mutindi roho.

"Mimi nimechezewa!" alisema, akimimina chai kwa hasira mpaka ikamwagika kwenye sahani. "Wiki kumi nakaa hapo, naacha ugali inaungua, halafu mwisho ati kijiji yote ndio ilimuua? Yote? Sasa nitachukia kijiji yote na nguvu gani? Mimi nilikuwa nataka mtu mmoja, nimchukie vizuri."

"Lakini hapo ndipo ufundi ulipo, Mutindi," mwalimu Justus akasema, na kidole chake kikapanda juu, maana alikuwa na mazoea ya kufundisha hata mahali asipolipwa. "Mwandishi anakujengea taharuki ya mtu mmoja. Kila wiki anakupa mshukiwa mpya, unamchukia, anakunyang'anya. Mwisho unabaki na hasira na huna pa kuiweka. Na ile sehemu ya kufungia, mikono mitupu! Mkono unaosha sufuria, mkono unapanda maharagwe, mkono unatoa sadaka. Haonyeshi uso hata mmoja. Hiyo ni ishara, tena nzito."

"Ishara peleka darasani. Mimi nataka pingu."

"Asya," susu Kamanthe akaguna. "Na yule mama wa kijana? Yeye walimwachia nini?"

Mutanu aliweka kikombe chake chini.

"Mwandishi alituambia kutoka siku ya kwanza," alisema. "Mnakumbuka Inspekta akiingia kwa hiyo kijiji? Anawaambia Safari amekufa. Na hakuna mtu anauliza amekufa aje. Wanasema pole, wanaleta kiti, wanaweka chai. Sasa wewe ukiambiwa jirani yako amekufa, kitu ya kwanza si unauliza ni nini ilimuua? Wao hawakuuliza kwa sababu walikuwa wanajua."

"Hata mimi niliona hivyo," Justus akasema, "nikadhani ni mwandishi amesahau. Lakini kuna jambo linalonisumbua. Mama yake Safari pia hakuuliza. Umeona? Anaambiwa, anakaa chini, anafunga leso. Haulizi kitu. Mimi mpaka kipindi cha nane nilikuwa nikimshuku huyo mama."

"Mama aliogopa," Mutanu akasema.

Alilisema upesi mno. Mutindi akamtazama mwalimu kwa jicho kali la kumwambia anyamaze, na mwalimu, ambaye alikuwa ametambua ameteleza, akarukia jambo lingine kwa haraka ya mtu anayekimbia mvua.

"Haya, lakini hotuba ya Safari! Pale anapokata roho korongoni, anavyowaaga wote kwa majina, anavyowaambia damu yake itawauliza. Lile ni shairi. Hapo mnakubaliana nami."

"Mimi nililia," susu Kamanthe akakiri. "Nililia mpaka kichwa kikauma."

"Hapo walidanganya," Antony akasema.

Wote waligeuka. Antony alikuwa mtu wa upande wa Yatta, mwenye duka la dawa za mifugo pale mjini, na alikuwa amejiunga na jumuiya miaka miwili nyuma. Kwa kawaida mchango wake katika mjadala ulikuwa "eeh" na "ni kweli," huku akichovya mandazi. Alikuwa muumini mzuri, hakosi, ila kwa jambo moja: zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwa Mutanu ikifika, Antony alikuwa na udhuru. Mara ng'ombe wa mteja, mara gari, mara tumbo. Aliwahi kuingia kwa Mutanu mara moja tu, mwanzoni kabisa, na Mutanu alikuwa ameshakata shauri kwamba kisa ni chai yake, ambayo alijua haina maziwa ya kutosha.

"Walidanganya wapi?" Justus akauliza, tayari kwa vita.

"Mtu akipigwa na watu wengi hana pumzi ya hotuba," Antony alisema. Hakuwa akimtazama mtu. Alikuwa akiitazama chai yake. "Na hawangoji amalize. Anasema maneno kidogo, hayo hayo, anarudia. Anasema, 'Niulizeni kwanza.' Basi. 'Niulizeni kwanza, niulizeni kwanza.' Hata hapigi kelele. Anasema kama mtu amepanga foleni dukani, mwingine anaingia mbele yake. Na kofia ikianguka anainama anaiokota, anaikung'uta kwa goti, anaivaa tena. Sasa hapo kwa kuinama ndio..."

Andazi lilikuwa limelainika mkononi mwake na kipande kikatumbukia kikombeni.

"Kofia gani?" Mutindi akauliza. "Safari hakuwa na kofia."

Antony akaanza kukitafuta kipande kile kwa kijiko.

Mutanu alihisi masikio yake yakiziba, kisha yakazibuka, na baada ya hapo alisikia kila kitu, hata kuku waliokuwa nyuma ya nyumba. Alimjua mtu mmoja tu aliyekung'uta kofia gotini. Alikuwa amemkaripia mara nyingi kwa ajili ya tabia hiyo, kwa sababu suruali ilikuwa inachafuka bure. Kofia yenyewe aliifuma yeye kwa uzi wa sweta uliobaki.

"Ilikuwa rangi gani?" akauliza.

"Nini, mwaitu?" Antony akauliza, akimwita mama kwa Kikamba.

"Kofia."

Antony aliinua macho. Wote walimwona akitafuta uongo, na wote waliona hakuupata.

"Maruni," akasema.

Susu Kamanthe alianza kusema kwamba chai imepoa, aiongeze nani, kisha akaacha katikati. Mwalimu Justus alisimama, hakujua amesimama kwa nini, akaketi. Na Mutanu akakumbuka jambo ambalo lilikuwa mbele yake miaka miwili na hakuliona, yeye mwenye jicho. Ukutani kwake ilikuwako picha ya Kitheka akiwa na kofia ile. Kila mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza aliuliza: huyu ni nani, yuko wapi siku hizi. Antony aliitazama, akakaa chini, hakuuliza.

Angeweza kuondoka. Alilifikiria hilo sawasawa. Angechukua kitambaa chake, aseme Ndanu anamngoja, na hakuna ambaye angemzuia. Nusu ya mwanawe ingebaki salama. Woga alioujua vizuri, ule uliomnyamazisha miaka minne, ulirudi kama kawaida yake. Lakini maneno yale mawili, niulizeni kwanza, yalikuwa yamekwisha kuingia chumbani. Yalikuwa ya mwanawe, na hakuweza kuyaacha hapo mezani aende zake.

"Ulikuwa wapi?" akauliza.

"Katangi. Nilikuwa nauzia mtu dawa za ng'ombe. Duka lilikuwa linaangalia soko."

"Ulimpiga?"

"Hapana, mwaitu. Nilifunga mlango. Niliogopa wakiingia kutafuta mafuta ya kumchoma. Nilichungulia kwa dirisha mpaka ikaisha. Sikujua ni wa nani. Siku ile niliingia kwako nikaona picha, nilikaa chini kwa sababu nilimtambua."

"Aliiba?"

Lilitoka kirahisi hivyo. Mutanu mwenyewe alishangaa. Neno moja, na lilikuwa limemlalia kifuani muda wote huo.

Antony akatikisa kichwa. "Hiyo mbuzi haikuibiwa na mtu. Ilipatikana jioni hiyo hiyo, kamba imenaswa kwa kichaka nyuma ya kichinjio. Kijana wako alikuwa anapita tu. Mtu alipiga nduru, 'Mwizi,' na yeye akageuka kuangalia. Basi ni hivyo. Aligeuka wa kwanza."

Kitu cha kwanza alichosikia Mutanu moyoni kilikuwa furaha. Ilikuja kwa nguvu mpaka akaionea haya: hakuiba, mtoto wangu hakuiba. Alitaka kusimama mlangoni awaite majirani wote wa mtaa ule, mmoja mmoja. Halafu akili yake, iliyozoezwa na wiki kumi za Korongo kutoridhika na jibu la kwanza, ikauliza swali lililofuata.

"Jioni hiyo hiyo. Kwa hivyo soko mlijua."

"Soko yote ilijua."

"Na mkanyamaza."

"Si wote walitaka kunyamaza," Antony alisema, na sauti yake ikashuka, kana kwamba jambo lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote aliyokwisha kusema. "Kulikuwa na wazee watatu, na katekista wao. Walikuwa wamesema watakuja kwako, wakuambie, waombe msamaha kwa niaba ya soko. Walikuwa wamepanga hata gari. Halafu mbuzi yako ikafika."

Mutindi alitazama huku na huku. "Mbuzi gani?"

Mutanu ndiye aliyejibu, kwa sababu ni yeye peke yake katika chumba kile, ukimwacha Antony, aliyejua. Baada ya mazishi alimfungua mbuzi jike, yule mzuri kuliko wote aliokuwa nao, akamkabidhi shemeji yake Mulwa ampeleke Katangi kwa mwenye mali. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Lakini alikuwa amelelewa akijua kwamba mali ya mtu ikipotelea mikononi mwa mwanao, unaipeleka nyingine kabla hujaitishwa, ili deni lisimfuate aliyebaki. Alimfikiria Ndanu, alifikiria siku wakwe watakapokuja kuulizia habari za ukoo. Na mwenye mbuzi, ambaye wakati huo mbuzi wake alikuwa zizini akicheua, alimpokea yule wa pili na kusema asante. Katika wiki ile yote, hilo ndilo lilikuwa jambo pekee ambalo Mutanu aliliona kuwa la heshima.

"Ilishushwa pale mbele ya duka," Antony akasema. "Watu wakasimama wakaangalia. Wale wazee wakaulizana, sasa sisi tutaenda kusema nini? Kama mama mzazi amelipa, basi kuna kitu anajua kuhusu kijana wake. Wakarudi nyumbani. Na ikaisha hivyo."

Mutindi alikuwa wa kwanza kupata sauti, na alipoipata aliitumia yote. "Na wewe unakuja hapa kila Jumamosi! Unakula mandazi yangu, unasema amani iwe nanyi, unamshika huyu mama mkono! Miaka miwili! Toka kwangu, Antony. Toka kabla sijakumwagia hii chai."

Alikuwa amempata mtu wake mmoja. Antony alikuwa ameshainuka, hata hakujitetea.

"Mwache, Mutindi," Mutanu akasema.

Si kwamba hakumchukia. Alijaribu, na chuki ilikuja, na Antony alistahili sehemu yake nzuri. Lakini kila alipoiweka juu yake, nyingi ilibaki. Walioshika mawe walikuwa na yao. Aliyepokea mbuzi wa bure alikuwa na yake, na siku moja Mutanu angemfuata ampe. Hata hivyo ilibaki, na Mutanu alijua inapokwenda. Mwanawe aliuawa akiomba aulizwe, na mtu ambaye angeuliza kabla ya wengine wote, mtu ambaye swali lake lingewafanya wazee wale wapande gari lao waje, alikuwa mama yake. Badala ya kuuliza alilipa. Wengine walimpiga tu. Yeye ndiye aliyefunga kesi.

"Kaa chini," akamwambia Antony.

Antony akaketi ukingoni mwa kiti.

"Jumamosi ijayo jumuiya iko kwangu. Huna ng'ombe wa mtu, huna tumbo. Utakuja."

"Nitakuja, mwaitu."

"Utasimama mbele ya wote, mwenyekiti akiwa hapo na majirani wa nje nitawaita. Utasema mbuzi ilipatikana."

"Nitasema."

"Utasema na yale maneno yake. Usiongeze kitu."

"Siongezi."

Mutanu alivuta pumzi. Mwalimu Justus alikuwa akitazama sakafu, na susu Kamanthe alikuwa amemshika Mutindi mkono ili asiseme kitu.

"Ukimaliza," akasema, "na mimi nitasimama. Nitawaambia niliambiwa mtoto wangu ni mwizi, nikapeleka mbuzi, sikuuliza."

Hapo akalia, na ilikuwa mara ya kwanza kumlilia Kitheka bila aibu.